MACHO MEKUNDU YA BIBI: Jinsi utunzaji wa mazingira unavyogusa afya na kipato cha kaya zetu



Kila tunapofanya semina za mazingira katika sharika, kuna swali moja ambalo wazee wa kanisa hutuuliza kwa upole, mara nyingi wakati wa chai. Wanasema: "Zahanati tunaielewa. Shule tunaielewa. Kisima tunakielewa. Lakini miti si kazi ya bwana misitu? Kanisa linaingiaje hapo?" Ndugu zetu wahisani kutoka sharika rafiki nao huuliza swali hilo hilo kwa namna nyingine: kwa nini mradi wa afya unakuwa na bajeti ya miche na majiko?

Katika toleo hili tumeona tujibu swali hilo kwa kirefu kidogo. Hatutaanza na miti. Tutaanza na bibi mmoja.

BIBI ALIYEACHA KUJA KANISANI

Tulipotembelea usharika mmoja huku Usukumani, mwinjilisti alitueleza kwamba kuna bibi mjane ambaye amekuwa haonekani kwenye ibada. Hakuwa mgonjwa wa kulala. Alikuwa amesikia watu wakinong'ona juu ya macho yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na katika maeneo yetu kila mtu mzima anajua maana ya mnong'ono huo. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, akina mama wazee wamekatwa mapanga na kuuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na moja ya "ushahidi" unaotajwa ni macho mekundu.

Tulikwenda nyumbani kwake pamoja na wazee wawili wa kanisa. Tulimwamkia, akatuitikia "Marahaba, wajukuu zangu", akatukaribisha jikoni kwa sababu alikuwa anapika. Jiko lake lilikuwa kijumba kifupi cha udongo kisicho na dirisha. Chini ya chungu palikuwa na mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Hatukuweza kukaa humo hata dakika tano. Sote tulitoka nje tukifuta machozi, na mmoja wetu macho yake yalibaki mekundu mpaka jioni.

Tulipomuuliza kwa nini hatumii kuni, alicheka. Alisema kuni za karibu ziliisha zamani, na miguu yake haiwezi tena kwenda mbali. Kisha akasema, "Macho haya ni ya jiko, wanangu. Nimepika tangu nikiwa binti."

Wapendwa, katika jiko lile tuliona mambo yote ambayo tumekuwa tukiyafundisha katika semina kwa michoro mingi. Naomba tuyafuate moja baada ya jingine.

KUTOKA KWENYE MTI HADI KWENYE JICHO

Miti ikiisha karibu na makazi, jambo la kwanza linalobadilika ni kile kinachochomwa jikoni. Kaya huanza kutembea mbali zaidi kutafuta kuni. Wasioweza kutembea mbali, yaani wazee, wagonjwa na wajawazito, hutumia kilicho karibu: mabua ya pamba na mahindi, na mwisho samadi. Nishati hizi huungua vibaya na hutoa moshi mwingi kuliko kuni kavu.

Moshi huo una chembechembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, pamoja na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kwa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni mama akipika, madhara yake ni kikohozi na nimonia za mara kwa mara. Kwa mtu mzima ni magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake moshi na uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Kuhusu macho, moshi na vumbi huyawasha kila siku kwa miaka mingi mpaka wekundu unakuwa wa kudumu. Mahali penye uhaba wa maji huongezeka trakoma, ambayo wengi wetu tunaiita vikope. Ugonjwa huu huenezwa na nzi na mikono michafu, na hushamiri pale ambapo uso hauoshwi kwa sababu maji ni ya kunywa na kupikia tu. Ukiachwa bila tiba, kope hugeuka ndani na kukwangua jicho mpaka upofu.

Hivyo macho mekundu ya bibi yule yana maelezo, na maelezo hayo yako jikoni na kisimani.

Hatusemi kwamba moshi ndio chanzo cha mauaji. Tunajua kuna ugomvi wa mashamba na urithi, kuna wivu, na kuna wapiga ramli wanaochonganisha ndugu. Lakini macho mekundu yamekuwa kisingizio kilicho tayari, na kisingizio hicho tunaweza kukiondoa kwa elimu, kwa tiba na kwa jiko lenye bomba la moshi.

KUTOKA KWENYE JIKO HADI KWENYE GHALA

Samadi inayochomwa jikoni ni mbolea ambayo haikufika shambani. Mkulima wa kwetu mwenye ng'ombe wachache ana mbolea moja tu isiyohitaji fedha taslimu, nayo ni hiyo. Akiichoma, udongo unachoka, mavuno yanapungua na ghala linakwisha mapema kabla ya mavuno mapya. Miezi hiyo ya njaa ndiyo miezi ambayo zahanati zetu hupokea watoto wenye utapiamlo. Na mtoto mwenye utapiamlo akipata nimonia ya moshi au kuhara kwa maji machafu, hupona kwa shida.

Aidha kuna suala la muda. Saa ambazo mama na binti zake wanatumia kutafuta kuni na maji ni saa ambazo hawako shambani, hawako kwenye biashara ndogondogo na hawako darasani. Binti anayefika shule amechoka, au hafiki kabisa, ni sehemu ya hasara hiyo ingawa haionekani kwenye vitabu vya hesabu.

KUTOKA KWENYE ARDHI TUPU HADI KWENYE MAJI

Mvua ikinyesha kwenye ardhi yenye nyasi, majani na mizizi, maji mengi hupata nafasi ya kuzama. Ikinyesha kwenye ardhi tupu iliyokanyagwa na mifugo, maji hukimbia juu juu, hubeba udongo wa juu wenye rutuba, huchimba makorongo na kwenda kujaza tope kwenye malambo yetu. Matokeo yake ni lambo linalokauka Julai badala ya Oktoba, na visima vifupi vinavyoshuka. Watu na ng'ombe hubaki wakigombea dimbwi moja. Hapo ndipo kuhara, minyoo na homa ya matumbo hupata njia.

Tuseme ukweli pia kwamba si kila kazi ya maji ni salama kwa afya. Lambo lililochimbwa bila mpango huweza kuwa makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na mazalia ya mbu wa malaria. Kwa hiyo kamati inayopanga lambo ipange wakati huo huo uzio, birika la mifugo lililo mbali na lambo, sehemu ya kufulia, na vyoo. Hali kadhalika si kila mti unafaa kila mahali. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi hunywa maji yale yale tunayotaka kuyalinda.

SHINYANGA ILIVYOKUWA NA ILIVYOBADILIKA

Baadhi ya wasomaji watauliza kama mnyororo huu unaweza kurudishwa nyuma. Tunaamini unaweza, kwa kuwa historia ya mkoa wetu inatushuhudia.

Shinyanga ya zamani ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920 na kuendelea, maeneo makubwa yalifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka na mifugo ikaongezeka. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 nayo ilihamisha watu kutoka maeneo waliyokuwa wakiyatunza kwa desturi zao. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiizungumzia Shinyanga kama nchi inayogeuka jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI, kwa msaada wa Norway na kwa ushirikiano na watafiti wa kilimo mseto. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na miche. Baadaye wataalamu walitambua kwamba Wasukuma tayari walikuwa na utaratibu wao, yaani ngitili. Kama wengi mnavyojua, ngitili ni eneo la malisho ambalo hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti ikue, na kufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi kikali. Ziko ngitili za kaya, na ziko za kijiji. Wanaozilinda ni wananchi wenyewe kupitia dagashida, ambalo ni baraza la jadi linalotunga taratibu na kutoza faini, pamoja na sungusungu.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu zilizoingia Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Sehemu kubwa ya eneo hilo haikupandwa mche hata mmoja. Visiki na mbegu zilizokuwa ardhini ziliota zenyewe zilipopumzishwa.

Je, maisha yalibadilika? Tathmini iliyofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN, iliyochapishwa mwaka 2005, ilikadiria kuwa mazao ya misitu hiyo, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, matunda, mboga za porini na dawa, yalikuwa na thamani ya takribani dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo ulikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Muda wa kutafuta kuni na maji nao ulipungua. Baadhi ya vijiji vilitumia mapato ya ngitili kujenga madarasa na kugharamia shughuli za maendeleo.

Pamoja na mafanikio hayo kulikuwa na upungufu ambao kamati zetu zinapaswa kuujua. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alifaidika zaidi kuliko asiye na kitu. Mjane asiye na ardhi hakuwa na ngitili yake, na sauti yake kwenye dagashida ilikuwa ndogo. Tena, baada ya mradi kuisha, zipo ngitili zilizogeuzwa mashamba au kukatwa kwa ajili ya mkaa. Bibi yetu anaishi katika mkoa uliosifiwa duniani kwa kurudisha misitu, na bado anapikia samadi. Kwa hiyo kamati isiishie kuuliza kama miti ipo. Iulize ni nani anayeruhusiwa kuokota kuni chini yake.

KOSA LETU

Tunawaandikia haya tukiwa na kosa letu wenyewe la kuungama. Miaka ya nyuma idara yetu iliendesha siku za upandaji miti katika sharika. Wageni walialikwa, kwaya ziliimba, picha zilipigwa, na taarifa ilitumwa kwa wahisani ikionyesha idadi ya miche iliyopandwa. Tuliporudi baada ya kiangazi tulikuta mashimo. Mbuzi walikuwa wamekula, jua lilikuwa limemaliza iliyobaki, na hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa kumwagilia. Taarifa yetu haikuwa na uongo, kwa maana miche ilipandwa kweli. Lakini haikuwasaidia wahisani kujua lolote juu ya miti.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Taarifa zetu sasa zinataja miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Idadi imekuwa ndogo kuliko ile ya zamani, na kuna mhisani mmoja aliyetuuliza kwa nini "mradi umeshuka". Tulimweleza kwamba kilichobadilika ni namna ya kuhesabu, naye alielewa. Tunawashukuru wahisani wote wanaovumilia hesabu za namna hii.

KAMATI YA USHARIKA IFANYE NINI?

Yafuatayo yanaweza kuanza bila kusubiri fedha kutoka ofisi ya dayosisi.

1. Tembeleeni majiko. Kamati ya afya na umoja wa wanawake wapite katika jumuiya na kuangalia majiko ya wazee na ya akina mama wenye watoto wachanga. Dirisha, bomba la moshi la udongo, kuni zilizokaushwa vizuri, kufunika chungu na kuloweka maharage usiku kucha hupunguza moshi na kuni kwa gharama ndogo. Jiko banifu lenye bomba ni bora zaidi. Hata hivyo tusidanganyane: jiko banifu linapunguza moshi, haliumalizi. Kaya inayoweza kumudu gesi, umeme au biogesi ihimizwe kuhamia huko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kikwazo kikubwa kijijini ni fedha ya kujaza mtungi kwa mara ya pili, na hapo vikundi vya kuweka na kukopa vya sharika vinaweza kusaidia.

2. Anzeni na majiko ya taasisi zetu. Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule, vyuo na hospitali za Kanisa zimo. Hatuwezi kuwahubiria wanajumuiya huku lori la kuni linashusha mzigo nyuma ya bwalo letu.

3. Tunzeni visiki hai kabla ya kununua miche. Chagueni machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, pogoeni mengine, na zuieni mifugo. Mizizi tayari iko chini, hivyo haihitaji kumwagiliwa. Pale mnapopanda, kila mti uwe na mwenyewe. Vijana wa kipaimara wapewe miti ya kutunza, na mwalimu wao aikague. Wenzetu wa Dayosisi ya Kaskazini wametutangulia katika hili. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa letu hadi alipomkabidhi kijiti Askofu Alex Malasusa, alipewa jina la "Askofu wa Miti" kwa kazi yake ya kupanda miti Kilimanjaro.

4. Lindeni vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kama shamba la usharika limeingia humo, lirudishwe nyuma kwanza, ndipo tuzungumze na majirani.

5. Gawaneni ngitili kwa haki. Sharika zenye ardhi zitenge eneo la ngitili, na zipange siku za wajane, wazee na walemavu kuokota matawi makavu. Sharika zisizo na ardhi zipeleke hoja hiyo kwenye mkutano wa kijiji.

6. Semeni madhabahuni. Mchungaji na mwinjilisti waeleze waziwazi kwamba macho mekundu ni ugonjwa na kwamba ugonjwa una dawa. Kamati ihakikishe mzee mwenye tatizo la macho anafikishwa kwenye huduma ya macho. Hakuna mradi rahisi kuliko huo, na unaweza kuokoa uhai wa mtu.

KWA WAHISANI WETU

Ombi letu kwenu ni dogo lakini si jepesi. Mti unahitaji miaka isiyopungua mitatu ya kulindwa kabla ya kujitegemea, wakati miradi mingi ni ya mwaka mmoja. Tunaomba mtusaidie kulipia ulinzi, usafiri wa maofisa ugani na uchunguzi wa macho, vitu ambavyo havipendezi sana kwenye picha. Pia mtuombe taarifa ya mwaka wa tatu, na kama haijafika, mtuulize.

MWISHO

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba mwanadamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili, kulima na kutunza. Ya kwanza tumeifanya kwa bidii sana, na ya pili tunaanza kujifunza upya.

Kuhusu bibi yetu: wazee wa kanisa walimpeleka hospitali. Daktari wa macho aliona madhara ya vikope vya muda mrefu, akamtibu. Vijana wa usharika walifungua dirisha katika jiko lake na kujenga bomba la moshi, na jirani mwenye ngitili alimruhusu kuokota kuni. Mchungaji alimtaja kwa jina katika ibada, akaeleza ugonjwa wake mbele ya washarika wote kwa ridhaa yake. Sasa amerudi na anakaa mahali pake pa siku zote. Wekundu wa macho umepungua, haujaisha. Na mwinjilisti anatuambia kwamba mpaka leo bibi huyo hufunga mlango wake kabla jua halijazama.

Kwa sababu hiyo tunaendelea na kazi hii. Tunaomba kila kamati ya usharika ituletee, kabla ya toleo lijalo, orodha ya wazee wanaopikia mabua na samadi katika eneo lake. Tutaanzia hapo.